Mgongo wa Dereva

Wifi yangu alinipigia simu nikiwa nahesabu vidonge kwenye sinia, na mteja akinikodolea macho kwenye kidirisha. Nauza kwenye duka la dawa. Nikaibana simu kwa bega.

"Jumapili nakuja kukimbia na nyinyi," akasema.

"Kukimbia wapi?"

"Huko mnakokimbia. Ile barabara ya mashambani."

"Wifi, wewe hujakimbia tangu shule."

"Na shuleni nilikuwa nakimbia kengele ya chakula ikilia tu. Mnaondoka saa ngapi?"

Nikapoteza hesabu ya vidonge, ikabidi nianze upya. Mteja akaguna.

Sikuwa na namna ya kumkatalia. Jumatatu asubuhi lori lingekuja kuchukua vyombo vyake, arudi kwa mama yake, mbali, na nyumba waingie wapangaji wengine. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kuondoka: kuona mahali alipokuwa akigeuzia mume wake. Kila Jumapili ya ndoa yao kaka yangu alitoka kitandani kabla hakujakucha, akaenda mpaka mahali fulani, akarudi. Wifi hakuwahi kupaona. "Aliniambia pana kiti cha kukaa," akasema, "na ukikaa unaona bonde lote mpaka mtoni. Nataka nikae hapo mara moja. Basi."

Kaka alikufa msimu wa mvua, kwa figo, kitandani. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia alikuwa mkimbiaji huniuliza kama alianguka barabarani, na nikisema hapana huonekana kama nimewanyima kitu.

Alikuwa fundi bomba, lakini sisi tulimwita Dereva. Yeye alikuwa mbele siku zote, sisi nyuma tukipiga soga kama abiria. Tulikuwa wanne: yeye, mimi, Mwalimu na Kinyozi. Kanuni yetu ilikuwa moja, hakuna kuachwa. Wa mbele akishafika mwisho anarudi kumchukua wa nyuma. Ni kanuni nzuri, ila wa mbele alikuwa yeye siku zote, na wa nyuma nilikuwa mimi. Kwa hiyo ilikuwa kanuni ya watu wawili. Mwalimu na Kinyozi kazi yao ilikuwa kuisifia.

Asubuhi za baridi kali alikuwa anachomoza kwenye ukungu akija upande wangu, anapumua kama mtu aliyetoka kuamka, ananizunguka kwa nyuma kama anaswaga mbuzi, na kusema, "Bado kidogo. Ile kona tu." Haikuwa ile kona tu. Haijawahi kuwa ile kona tu hata siku moja. Nilitamani kumrushia kiatu.

Tangu afe hatukuwa tumekwenda kule tena. Tulikimbia lami ya mjini, tukizunguka soko kama ng'ombe wa kinu, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jumamosi jioni nikapita kwa wifi kumkagua. Sebule ilikuwa imejaa maboksi, pazia zimeshushwa, na ukutani palipokuwa na picha pamebaki alama nyeupe. Kila kitu kilikuwa kimefungwa isipokuwa viatu vya kaka. Vilikuwa kando ya mlango, vimejazwa magazeti ili vikauke, kama alivyoviacha.

"Hivyo unavipeleka wapi?" nikauliza.

"Sijaamua." Akanionyesha vyake: raba za sokoni, nyeupe, soli nyembamba kama chapati.

"Utaumia."

"Nitaumia kesho kutwa. Kesho nitakimbia."

Akaweka mfuko mezani. Ndani mlikuwa na chupa ya chai, vikombe, kanga moja na kiberiti. Nikamuuliza kiberiti cha nini. Akasema huwezi kujua. Nikaenda kulala na kichwa kinaniuma.

Tulikutana kwenye duka la Kinyozi, kama siku zote. Kinyozi anakaa chumba cha nyuma ya duka hilohilo, na bado anachelewa. Tulisimama nje mimi, wifi na Mwalimu, tukipulizia vidole. Majani ya kando ya barabara yalikuwa yameganda umande, meupe, yanavunjika ukiyakanyaga. Tulimsikia ndani akifungua maji, akikohoa, akiimba.

"Kinyozi!" nikagonga bati. "Unatoka au tukuvunjie mlango?"

"Nipo njiani, dada!"

"Njiani wapi? Uko chooni!"

Akatoka amevaa koti la ngozi.

"Utakimbia na hilo?" Mwalimu akamuuliza.

"Baridi, Mwalimu. Wewe una mwili, mimi nina mifupa." Kisha akamwona wifi, akavua kofia. "Shemeji. Karibu sana. Leo tutakupeleka taratibu, wala usiwe na wasiwasi. Barabara hii naijua nikiwa nimefumba macho."

Nayakumbuka maneno hayo. Nilikuja kumrudishia baadaye.

Mwalimu anafundisha jiografia. Kabla hatujaanza akatutolea somo kuhusu ukungu, kwamba hewa ya baridi hushuka na kukaa mabondeni, na kwamba tukipanda kidogo utakuwa umeisha. Tukapanda. Ukungu ukazidi. Lami ikaisha, ikaanza barabara ya udongo uliokauka na kuwa mgumu kama tofali, yenye alama za matairi zinazokupinda kifundo cha mguu. Kwenye kilima cha kwanza wanaume wakaongeza mwendo. Sidhani walikusudia. Walikuwa wanabishana kuhusu bei ya nyama, na hao wawili wakibishana miguu yao hukimbia yenyewe. Wakamezwa na ukungu. Tukabaki na sauti zao, kisha tukabaki bila sauti.

Nikasubiri mmoja arudi. Hakurudi mtu. Nikajiambia watarudi tu, ndiyo kanuni. Ndipo nikaelewa kwamba katika miaka yote hiyo hao wawili hawakuwahi kurudi kumchukua mtu yeyote. Hata haikuwajia akilini.

Wifi alikuwa hatua kadhaa nyuma yangu, mfuko unampiga nyongani, vikombe vinagongana kama kengele. Nikageuka, nikamrudia. Mara yangu ya kwanza kurudi nyuma barabarani, na nilirudi nimenuna.

"Lete huo mfuko."

"Nenda, wifi," akasema akihema. "Usinisubiri. Najua unajizuia kwa ajili yangu."

"Najizuia nini?"

"Usijifanye. Aliniambia. Wewe ndiye unayewaacha wote."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Nani alikuambia?"

"Si kaka yako! Kila Jumapili. Anavua viatu pale mlangoni, anasema, 'Dada leo katutoa jasho. Tulikuwa tunaona vumbi tu.'" Akasimama kushika ubavu. "Mimi nikawa najiuliza, huyu wifi mbona dukani anatembea kama anahesabu vigae, kumbe anaficha."

Nikachukua mfuko, tukaendelea, na kila kikombe kilipogonga nilimsikia kaka akinicheka.

Tuliwakuta wanaume kwenye njia panda, wamesimama, mvuke ukiwatoka vichwani kama sufuria mbili.

"Ni kushoto," Mwalimu alikuwa akisema. "Mto uko mashariki, jua linatokea mashariki, kwa hiyo kushoto."

"Jua liko wapi, Mwalimu? Nionyeshe jua."

"Kinadharia."

"Ni kulia," akasema Kinyozi. "Naukumbuka ule mti."

"Mti gani? Hapa kila kitu ni mti."

Kisha wote wawili wakanigeukia. "Dada, wewe unasemaje?"

Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Katikati palikuwa na kinjia chembamba, kama cha kuingilia shambani kwa mtu. Nilikuwa nimepita hapo Jumapili nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikupajua. Kwenye barabara ile mimi niliangalia vitu viwili tu: miguu yangu, na kaka akija. Kinyozi na Mwalimu waliangalia mgongo wake, ile fulana ya njano iliyotoboka begani. Mgongo ukienda kushoto, nao kushoto. Ukienda kulia, nao kulia. Watu wazima, mmoja mwalimu wa jiografia, tumekimbia njia moja miaka na miaka na hakuna hata mmoja anayeijua.

"Hamjui," nikasema.

"Si kwamba hatujui," akasema Mwalimu. "Tunatofautiana."

"Wewe si ulisema unaijua umefumba macho?" nikamwambia Kinyozi. "Basi fumba."

"Dada, usianze."

"Nisianze? Mmetuacha kule nyuma kama mizigo! Kanuni iko wapi? Nani amerudi?"

Wakatazamana. Nikaona kwenye nyuso zao kwamba kila mmoja alidhani ni kazi ya mwingine.

Mwalimu akajikohoza. "Nafikiri, kwa usalama, turudi. Tupange siku nyingine, ukungu ukiwa haupo."

"Siku nyingine ipi, Mwalimu? Lori linakuja kesho."

"Au," akasema Kinyozi, na hapo akashusha sauti kama anavyoishusha anapotaka kumshawishi mteja anyoe ndevu, "tukubaliane ni hapa. Shemeji akae pale kwenye lile jiwe, anywe chai yake, aseme lake la moyoni. Mahali ni mahali."

Sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka nilimwita Kinyozi mwizi wa sabuni, na Mwalimu nikamwambia hata ramani zingeuzwa kwa kilo bado angepotea akienda kuzinunua. Nakumbuka nililia, jambo ambalo sikulifanya msibani, na kwamba nililia kwa hasira, huku napiga teke udongo uliokauka mpaka kidole kikafa ganzi. Nikasema alitubeba wote, na tumekaa tu kama magunia. Mwalimu akatazama chini. Kinyozi akavua koti lake la ngozi, akataka kunivisha, nikalirusha kichakani.

Wifi alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, amevua raba moja, anajimiminia chai. Alitungoja tumalize kama mtu anayengoja redio imalize matangazo.

"Mwalimu," akasema. "Mgongo wako unakusumbua leo?"

"Mgongo? Hapana. Bado."

"Bado. Basi hatujafika kwenye mbao."

"Mbao gani, shemeji?"

"Alisema kuna mahali wanapasua mbao. Harufu ya mbao mbichi ikianza tu, Mwalimu naye anaanza habari za mgongo wake, mpaka kwenye daraja dogo. Kwenye daraja dogo Mwalimu ananyamaza kwa sababu Kinyozi anaomba msimame, aende haja."

Kinyozi akamsogelea. "Hayo ndiyo alikuwa anakusimulia? Mezani?"

"Na chai mkononi. Kila Jumapili. Daraja lilelile, alisema, hata siku ambayo hukunywa maji. Baada ya daraja kuna geti jekundu na mbwa, na yule mbwa anamfukuza Kinyozi peke yake. Baada ya mbwa mnageuka."

"Huyo mbwa ana kisa na mimi," akasema Kinyozi taratibu.

"Mgongo wangu ni tatizo la kitabibu," akasema Mwalimu.

"Mimi sijui njia," wifi akasema akivaa raba. "Najua malalamiko tu. Tafuteni mbao."

Ndivyo tulivyofanya. Mwalimu akaenda kushoto, Kinyozi akaenda kulia, kila mmoja ameinua pua, na mimi nikabaki katikati nikisikia watu wazima wawili wakinusa kwenye ukungu kama mbwa wa polisi.

"Huku samadi!" Mwalimu akapaza sauti.

"Huku hakuna kitu!" akajibu Kinyozi. "Ila baridi!"

Nikaingia kwenye kile kinjia cha katikati, kile ambacho hakuna aliyekitaja, kwa sababu tu nilitaka kuwa mbali nao. Hatua chache ndani, hewa ikabadilika. Ilikuwa harufu tamu, kali kidogo, ya mti uliopasuliwa jana. Nilisimama hapo. Nilikuwa naijua harufu ile. Nilikuwa naivuta Jumapili zote hizo nikidhani ndiyo harufu ya kuchoka.

"Ni huku," nikasema. Ikabidi niseme mara ya pili.

Tukaenda wanne pamoja, na hakuna aliyethubutu kutangulia. Tukapita magogo yaliyopangwa, na banda lililofungwa kwa sababu ya Jumapili. Mwalimu alikaza midomo. Ungeona jinsi alivyojizuia, shingo imesimama, anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kilima kikainuka. Tukawa tunamwangalia kwa pembeni. Mwishowe akashindwa.

"Jamani, huu mgongo..."

Kinyozi alipiga makofi mpaka ndege wakaruka. Wifi alicheka akashika tumbo. Mwalimu akachukia, lakini akaendelea kulalamika, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, na alilalamika mpaka darajani. Pale Kinyozi akaapa kwamba leo haendi haja, hata apasuke, hawezi kuwa kichekesho cha mezani kwa watu. Tukavuka. Kidogo tu akasimama. "Nisubirini," akasema, hakututazama.

Mbwa wa geti jekundu alitoka akatupita mimi, wifi na Mwalimu kama hatupo. Kinyozi alikuwa ameshaanza kukimbia kabla hajaguswa.

Malalamiko yote aliyosimulia kaka yalikuwa ya kweli. Nikaanza kuogopa. Ila ile kwamba mimi ndiye ninayewaacha wote ilikuwa sifa, na ilikuwa uongo mtupu, na kile kiti na lile bonde navyo vilikuwa sifa.

Tulipofika, wifi hakutambua kwamba tumefika. Mahali penyewe ni kipande cha saruji kando ya barabara, kimeinuka mpaka gotini, ambapo zamani wafugaji walikuwa wakiweka makopo ya maziwa yakisubiri gari. Kona moja imemeguka. Sisi tulikuwa tunakigusa kwa mkono na kugeuka palepale, kwa sababu ukisimama jasho linakupoa mgongoni. Hakuna aliyewahi kukikalia. Mbele yake palikuwa na ukungu, mweupe kama shuka.

"Ni hapa," nikasema. "Samahani, wifi."

Akakitazama. Akakizunguka. "Hiki ndicho kiti?"

"Ndicho."

"Huyu mtu!" akasema. "Huyu mtu jamani! Kila Jumapili ananiambia kiti, kiti. Mimi nikaweka akilini kiti cha mbao, chenye mgongo!" Akatandika kanga, akakaa kwa kishindo. "Na mto?"

"Mimi mto sijawahi kuuona," akasema Kinyozi. "Nagusa, nageuka."

"Kijiografia lazima uwepo," akasema Mwalimu.

Tukasimama. Chai ikaisha. Meno ya Kinyozi yalianza kugongana. Koti lake tulikuwa tumeliacha kichakani, na kosa lilikuwa langu, kwa hiyo sikuweza hata kumfokea. Mwalimu akaanza tena kuhusu hewa ya baridi na mabonde, nikamwambia nyamaza. Wifi alikaa tu, mikono kwenye mapaja, anatazama shuka ile nyeupe kana kwamba atailazimisha.

"Twende," akasema mwishowe. "Mtaugua bure."

Hakusimama. Nikaenda kukaa kando yake nimwinue kwa mkono, na ndipo nilipoona. Ukisimama huoni kitu, kwa sababu tawi la mti wa kando ya barabara linakuziba. Ukikaa, jicho linapita chini ya tawi. Ukungu ulikuwa umechanika kidogo huko chini, na kati ya paa la banda na ukuta wa tofali palikuwa na upenyo usiozidi upana wa mlango. Ndani yake kulikuwa na shamba la kabichi, mteremko, na chini kabisa kitu kinachong'aa, chembamba kama uzi.

Wifi alikuwa ameshakiona. Kumbe alikuwa anakitazama muda wote ule.

"Bonde lote," akasema. "Bonde lote! Kipande cha mlango." Na machozi yakawa yanamtoka, huku akitikisa kichwa kama anavyofanya mtu aliyeuziwa kitu kibovu na muuzaji anayempenda.

Nilitazama ule uzi. Nilijiuliza kaka alikaa hapo lini, mtu ambaye kila mara alikuja kuniokota akiwa mbioni. Kisha nikajua. Alifika wa kwanza, wenzake wakagusa wakageuka, na mimi nilikuwa bado mbali sana, navuta miguu kwenye kilima cha mbao. Alikuwa na nafasi ya kukaa kwa sababu yangu. Nilimwachia wifi aendelee kuamini kwamba mimi nawaacha wote.

Kinyozi naye akaja akachuchumaa, akaona, akasema, "Loo." Mwalimu akasema, "Si niliwaambia mto upo." Tukamwacha aseme.

Wakati wa kurudi, raba za wifi zilikuwa zimemchubua visigino. Tulitembea zaidi ya kukimbia, mimi na yeye, nimembebea mfuko. Wanaume wakatangulia, wakaanza tena bei ya nyama, wakapotea. Nikawatukana kimoyomoyo. Karibu na njia panda wifi alisimama kabisa, akasema niende tu, yeye atakaa mpaka apate gari lolote. Nikamwambia leo Jumapili, hapa gari litatoka wapi?

Ndipo tukasikia vishindo, na mtu akibishana. Walitoka kwenye ukungu wakija upande wetu, wote wawili, Kinyozi amelivaa koti lake lenye majani, Mwalimu ameshika kiuno. Wakatupita, wakatuzunguka kwa nyuma, wakaanza kukimbia polepole visiginoni mwetu.

"Haya, shemeji, haya, dada," akasema Kinyozi, anahema vibaya. "Bado kidogo. Ile kona tu."

Mji ulikuwa mbali sana. Hata lami hatukuwa tumeiona.

"Kinyozi," nikasema, "nitakurushia kiatu."

Wifi akanishika mkono, na tukaanza kukimbia.